Ambari na Kilindi cha Pemba

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akitengeneza udi wa maharusi pale Chake Chake, hakuwa na haja ya kumuuliza mvuvi ambari ameiokota wapi. Alichotaka kujua ni imekaa baharini muda gani, na jibu hakulitafuta kinywani mwa mvuvi. Alipasha sindano motoni, akaichoma kwenye donge. Pale ilipopita sindano paliyeyuka, pakatoa uji mweusi na moshi mwembamba, naye akaunusa moshi ule macho amefumba. Donge likiwa jeusi, laini, lenye harufu ya zizi, alimrudishia mwenyewe. Likiwa la kijivu, kavu, jepesi mkononi, harufu yake ya mbao kuukuu na tumbaku na chumvi, basi mlango ulifungwa na biashara ikaanza kwa sauti ya chini.

Kwake nimerithi sufuria ya udi na chetezo. Udadisi ni wangu mwenyewe. Kila kitabu nilichokipata kinachotaja ambari ya mwambao wetu nimekisoma, na takriban vyote vinaanzia sokoni: Siraf, Baghdad, Muskat, Guangzhou, mizani, bei, na matajiri walionunua. Mimi naona habari hii inaanzia kilindini, magharibi ya kisiwa changu, na wa kwanza kutajwa ndani yake wawe yule nyangumi anayeitoa na yule mtu wa pwani aliyeamka alfajiri baada ya dhoruba akapita ufukweni akitazama mstari wa takataka za bahari.

Unguja na bara zimekalia mwamba mmoja. Maji ya baina yao si mengi; sehemu kubwa hayafiki mita 50 kwenda chini. Pemba imejitenga peke yake. Ukitoka Mkoani kuelekea Tanga, rangi ya bahari inageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito, na chini yako pana kilindi cha mita 800 hivi. Wavuvi wetu wanalijua hilo kwa urefu wa mishipi yao. Tena, maji haya hayatulii. Mkondo mkubwa wa Ikweta unaovuka bahari kutoka mashariki unagonga mwambao karibu na Rasi Delgado, ukagawika, na tawi lake la kaskazini linapita kwetu mwaka mzima, likienda mbio zaidi wakati wa kusi. Kitu chochote kinachoelea, kiwe kimetoka Komoro au Msumbiji, kina njia ya kufika Pemba, Lamu, hata Barawa. Wakati wa kaskazi maji ya pwani ya Somalia hugeuka yakashuka kusini, yakakutana na haya yetu. Anayetaka kujua kwa nini waandishi wa kale waliitaja pwani hii kila walipotaja ambari, aanze na hapo.

Kisha amtazame mnyama. Wapo nyangumi wa aina nyingi katika bahari yetu. Wale wenye kibyongo wanaokuja kuzaa tangu Julai hadi Oktoba, ambao watalii wa siku hizi huwafuata kwa boti, hawana ambari. Mwenye ambari ni mwingine: kichwa chake cha mraba ni theluthi ya mwili mzima, meno yake yamo kwenye taya la chini tu, na tundu lake la pua liko mbele upande wa kushoto, kwa hiyo pumzi yake hutoka mshazari wala hairuki wima. Nahodha hodari humtambua kwa pumzi hiyo tangu mbali. Dume hufika mita 16 na zaidi, uzito wa tani 40 au 50. Jike ni mdogo sana kwake, mita 11 hivi, tani 15. Hakuna nyangumi wengine ambao dume na jike wametofautiana kiasi hicho. Madume wakipevuka huenda zao peke yao hadi kwenye maji ya barafu, ilhali majike hubaki katika bahari za joto kama yetu, mama na mabinti na wajukuu pamoja, na mmoja akizama kutafuta chakula mwenziwe humtunzia mtoto juu, kwa kuwa mtoto hawezi kuzama kina cha mama yake.

Kina hicho ndicho kiini cha mambo. Huyu nyangumi anakula ngisi, na ngisi anaowataka wako gizani. Kwa kawaida hushuka mita 400 hadi 1,200, akakaa chini robo tatu za saa, akarudi juu kupumua dakika nane au kumi, kisha akainua mkia na kuzama tena. Hategemei hewa ya mapafuni. Kifua chake kinabanwa na maji mpaka mapafu yanakunjana, naye haumii. Oksijeni yake ameiweka akiba katika damu na katika misuli, na ndiyo maana nyama yake ni nyeusi. Moyo wake hupiga polepole akiwa chini, na damu huelekezwa kwenye ubongo, ambao ni mkubwa kuliko wa kiumbe chochote duniani, kilo 8 hivi. Macho hayamfai kitu kule. Anatafuta kwa sauti: hutoa milio mikali ya kugonga kutoka katika kile kichwa, milio yenye nguvu kuliko sauti ya mnyama yeyote anayejulikana, akasikiliza mwangwi unaomrudia. Ndani ya kichwa mna mafuta mepesi yanayoganda yakipoa, lita zipatazo 1,900 kwa dume mkubwa, na mafuta hayo ndiyo yanayoielekeza sauti ile mbele. Mabaharia waliolala ndani ya vyombo vya mbao waliisikia kupitia ubavu wa chombo. Wawindaji wa Marekani walidhani ni samaki anayepiga nyundo, wakampa jina la samaki seremala.

Abu'l-Hasan al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri katika bahari hii zaidi ya mara moja, na safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917 Miladia. Wanahistoria wengi wanaona Qanbalu ni Pemba yetu, na wapo wanaoitafuta Ras Mkumbuu, ambako magofu ya msikiti na makaburi yenye minara yangalipo. Mtu yule anasema alikuwa amekwisha kuvuka bahari ya China na ya Rum na ya Kulzum na ya Yemeni, na hakuona ya kutisha kuliko ya Zanji, yaani hii yetu. Anaeleza mawimbi yanayopanda juu mno na kushuka bila kupasuka wala kutoa povu, ambayo mabaharia wa Oman waliyaita vipofu. Anaeleza pia samaki mkubwa mno, kwa urefu ambao hauwezekani, na namna mabaharia walivyogonga mbao na ngoma mchana na usiku ili asiukaribie mtepe au jahazi. Nikisoma hapo hunijia fikra ya watu wale wakigonga mbao juu ya maji, na chini yao mnyama naye anagonga, kila mmoja akitaka kujua mwenziwe yuko wapi.

Habari ya al-Masudi juu ya ambari ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ina watu ndani yake. Anasema ambari bora hupatikana katika visiwa na fukwe za bahari ya Zanji, ya mviringo, yenye rangi ya samawati iliyofifia, mara nyingine ukubwa wa yai la mbuni. Anasema samaki huimeza, ikamuua, akaelea. Na watu wa Zanji, waliokuwa wakimvizia katika vyombo vyao, humtupia vyusa na kamba, wakamvuta, wakampasua tumbo na kuitoa. Ile iliyokuwa tumboni hunuka, nayo ni duni. Iliyokaribia mgongoni ni safi zaidi, kwa kadiri ilivyokaa mwilini mwake.

Utaona kwamba watu hawa wa mwambao walijua, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwamba ambari imo ndani ya nyangumi. Kilichopinduka ni mwelekeo tu: ilidhaniwa inaota chini ya bahari au inatoka chemchemini, mnyama akaila. Kwingineko watu waliamini ni mavi ya ndege au povu lililoganda. Daktari Zabdiel Boylston wa Boston alipowaandikia wataalamu wa London mwaka 1724 kwamba wawindaji wameikuta ndani ya nyangumi, ilipokewa kama habari mpya. Mwaka 1783 tabibu Franz Schwediawer akaeleza kwa nini madonge hayo yana vipande vyeusi vigumu ndani: ni midomo ya ngisi. Wale wapasuaji wa Zanji lazima waliviona vipande hivyo kwa macho yao na kuvishika. Nasikitika kwamba al-Masudi hakuwauliza walivifikiria kuwa nini. Pengine kitendawili kingefunguliwa karne nane kabla.

Ngisi ni laini mwili mzima isipokuwa mdomo, ambao ni mgumu na umepinda kama wa kasuku. Nyangumi huikusanya tumboni midomo hiyo kwa maelfu, akaitapika kila baada ya siku chache. Michache hupenya ikaingia katika utumbo, na huko ikikwama, utumbo huifunika kwa kitu chenye mafuta. Kinyesi kikaongezeka juu yake, tabaka baada ya tabaka, kwa miaka. Hilo ndilo donge. Si kila nyangumi analo. Makadirio ni mmoja hadi watano katika mia. Mwisho wake hutoka na kinyesi, au humwua mnyama kwa kuziba. Mwanasayansi Mwingereza Robert Clarke, aliyetumia maisha yake kwa nyangumi hawa, aliandika habari ya donge la kilo 421 lililotolewa mwaka 1953 kutoka kwa dume mmoja katika bahari ya kusini. Likitoka ni jeusi na linanuka. Chumvi, jua na hewa ndivyo vinavyolipika, likielea miaka na miaka, mpaka likageuka kijivu, na lile bora kabisa likakaribia weupe. Basi ile sindano ya bibi ilipima safari, na haikukosea.

Kwa karne nyingi hii ilikuwa biashara ya kungoja. Abu Zayd wa Siraf, katika karne hiyo hiyo ya al-Masudi, anasema watu wa Shihr, pwani ya Hadhramaut, walikuwa na ngamia waliofunzwa kutembea ufukweni usiku wa mbalamwezi, na ngamia akiinusa ambari hupiga magoti, mpandaji akashuka kuiokota. Kwetu hapakuwa na ngamia wa kazi hiyo. Palikuwa na miguu ya watu na elimu ya upepo. Mkusanyaji aliyejua kwamba kusi limevuma siku tatu mfululizo alijua pia ufukwe upi utapokea vitu. Kutoka mikononi mwake donge lilikwenda kwa mwenye mizani, kisha likangoja kusi lile lile lipande jahazi kurudi Uarabuni pamoja na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Mwaka 1225 afisa wa bandari wa China, Zhao Rukuo, alipoandika bidhaa za nchi za mbali, kwa nchi anayoiita Zengba, ambayo ni pwani yetu, alitaja pembe, dhahabu, sandali ya manjano na ambari. Wachina waliiita mate ya joka.

Zhao Rukuo anaongeza jambo ambalo wanaoandika juu ya manukato hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Katika nchi jirani, ambayo wengi wanaiona kuwa pwani ya Somalia, anasema samaki wakubwa wafu husukumwa ufukweni, na watu hawali nyama yao, bali hukamua mafuta ya ubongo na ya mifupa, wakayachanganya na chokaa kupaka vyombo na wakayatumia taani. Mbavu zilikuwa mapau ya nyumba. Pingili za uti wa mgongo zilikuwa vinu. Yeyote aliyekulia karibu na mafundi wa majahazi atakumbuka deheni hapo, shahamu na chokaa ikipakwa chini ya chombo maji yakiwa yamekauka, na ataikumbuka sifa ya papa inayopakwa mbao za juu. Harufu yake haikutuacha watoto wa pwani. Nyangumi aliyekufa hakuwa hazina ya tajiri peke yake; alikuwa paa, taa na chombo. Mwambao ulimpokea akiwa amekwisha kufa, au yuko karibu kufa, ukamtumia mzima.

Wawindaji walipofika mambo yaligeuka. Meli za New England zilikuwa zimekwisha kumaliza nyangumi wa karibu na kwao, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ramani zao zilikuwa na eneo waliloliita uwanja wa Zanzibar, maji ya baina ya Shelisheli, Komoro na kwetu. Walikaa baharini miaka mitatu, minne. Walipotaka maji, kuni, machungwa na mabaharia wapya wa kujaza nafasi za waliokufa na waliotoroka, walitia nanga Unguja. Mmoja wao, J. Ross Browne, aliiacha meli yake hapa, na kitabu chake cha mwaka 1846 kimechanganya mateso ya kuwinda nyangumi na habari za mji wa Seyyid Said. Wakati huo Seyyid Said alikuwa amekwisha kutia saini mkataba na Wamarekani, Muskat mwaka 1833, na balozi wao mdogo, Richard Waters wa Salem, alikuwapo Unguja tangu 1837.

Hawa hawakuja kwa ajili ya ambari, ingawa wakiikuta hawakuiacha. Walitaka mafuta, hasa yale ya kichwani, ya mishumaa safi isiyotoa moshi, na ya kulainisha mashine. Mafuta hayo hayaharibiki kwa joto, basi yalipakwa kwenye vyuma vya kusokotea nyuzi katika viwanda vya pamba vya Massachusetts. Na nguo iliyofumwa huko ndiyo iliyoshushwa forodhani Unguja, ikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikaitwa merikani. Mpagazi aliyejifunga shuka ya merikani katikati ya bara, miezi kutoka pwani, huenda alivaa nguo iliyopita katika mashine zilizolainishwa kwa mafuta ya mnyama wa kilindi. Sijaona kitabu cha misafara kinacholisema hilo, nami ninalisema kwa kuwa linaonyesha ukubwa wa tofauti. Mkusanyaji wa Pemba alichukua kilichotolewa. Meli moja ya New Bedford iliweza kurudi kwao na mafuta ya nyangumi kwa makumi.

Tena waliua palepale penye uchungu zaidi. Majike hukaa pamoja na watoto katika maji ya joto, na mmoja akijeruhiwa wenziwe hawakimbii. Humzunguka, vichwa ndani, mikia nje. Dhidi ya nyangumi muuaji hiyo ni ngome. Dhidi ya chusa ni kujitoa. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au zaidi, na ukoo uliovunjwa siku moja hauwezi kujijenga upya katika umri wa mtu.

Mafuta ya petroli yaliyochimbwa Pennsylvania tangu 1859 na vita vya Marekani vilipunguza meli hizo, lakini karne ya 20 ilileta za chuma. Kituo cha Durban kiliwaua nyangumi wa ambari hadi kilipofungwa 1975. Hapo nchi ndogo ya bahari yetu ilifanya jambo ambalo natamani lifundishwe shuleni: mwaka 1979 Shelisheli iliiomba Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iifanye Bahari ya Hindi kuwa hifadhi, na tume ikakubali, miaka michache kabla ya kusimamisha uwindaji wa biashara dunia nzima.

Kwenye manukato, kemia ilikuwa imekwisha kutangulia. Wafaransa Pelletier na Caventou, waliotoa kwinini katika gome la mti mwaka 1820, mwaka huo huo waliitenga ile nta iliyomo katika ambari ambayo ikizeeka ndiyo inayozaa harufu. Tangu katikati ya karne iliyopita harufu inayokaribiana nayo sana hutengenezwa kutokana na mmea wa ukoo mmoja na mrehani. Udi ninaoupika leo una hiyo ya chupa. Maharusi hawalalamiki. Mimi nasikia upungufu wake siku ya tatu, nguo inapofunguliwa sandukuni, kwa sababu ambari ya kweli siku ya tatu ndiyo kwanza inaanza kusema.

Ya kweli bado huonekana. Mwaka 2021 wavuvi 35 wa Yemeni, katika Ghuba ya Aden, waliona mzoga wa nyangumi ukielea. Waliufunga, wakauvuta hadi pwani, wakaupasua tumbo, wakatoa kilo 127 zilizouzwa kwa karibu dola milioni moja na nusu. Kazi ile ile aliyoiandika al-Masudi, na katika bahari ile ile, ila safari hii waliopasua ndio waliogawana fedha, wakanunua boti na nyumba, na sehemu wakawapa maskini wa kijiji chao.